Kufungwa na bado kuvuna pointi: Hesabu inayoamua nani aingie mtoano

Ligi ya mpira wa magongo wa barafuni ya Marekani na Kanada, NHL, ilipohitimisha mechi zake za msimu Aprili 2018, Florida Panthers ilikuwa imeshinda michezo 44 na Philadelphia Flyers 42. Florida ilikuwa imepoteza 38, Philadelphia 40.

Iliyoingia hatua ya mtoano ni Philadelphia. Florida ilirudi nyumbani.

Hakukuwa na rufaa, wala hakuna timu iliyopokwa pointi mezani kwa kuchezesha mchezaji asiye na sifa. Msimamo ulikuwa sahihi kwa mujibu wa kanuni: Philadelphia pointi 98, Florida 96. Kilichozitenganisha ni namna zilivyofungwa. Kati ya mechi 40 ilizopoteza Philadelphia, 14 iliziachia baada ya dakika 60 za kawaida kumalizika kwa sare. Florida ilipoteza kwa mtindo huo mara nane tu, na katika ligi hiyo kufungwa kwa kuchelewa kunalipwa pointi moja.

Iliyoumia zaidi ni hesabu kati ya Florida na New Jersey Devils. New Jersey nayo ilishinda mechi 44 na kupoteza 38, sawasawa na Florida. Lakini kati ya hizo 38, tisa zilikuwa za baada ya muda wa kawaida, moja zaidi ya zile za Florida. New Jersey ikafikisha pointi 97 na kuchukua nafasi ambayo Florida ilikuwa ikiiwania.

Kwa msomaji wa Dar es Salaam, Mombasa au Nairobi aliyekulia kwenye hesabu za kandanda, yaani tatu kwa ushindi, moja kwa sare na sifuri kwa kufungwa, jambo hili linaonekana kama mzaha. Hata hivyo lina historia na sababu zake, na ubishi wake haujaisha tangu mwaka 1999.

Kanuni yenyewe ni fupi. Mechi ya NHL ina vipindi vitatu vya dakika 20. Timu ikishinda, wakati wowote na kwa njia yoyote, inapata pointi mbili. Ikifungwa ndani ya dakika 60 haipati kitu. Ikifungwa katika dakika tano za nyongeza, au katika mikwaju inayofuata, inaambulia pointi moja. Ndiyo maana rekodi ya timu huandikwa kwa tarakimu tatu: ya kwanza ushindi, ya pili kufungwa ndani ya muda wa kawaida, ya tatu kufungwa baada yake. Philadelphia ya mwaka ule ilikuwa 42-26-14.

Kanuni hiyo ilijengeka kidogo kidogo, kila kiraka kikiziba tundu lililoachwa na kiraka kilichotangulia.

Ligi hiyo ilianzishwa mwaka 1917. Novemba 1942, katikati ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia, dakika za nyongeza zilifutwa katika mechi za msimu kwa sababu timu zilisafiri kwa treni, na ratiba za treni za wakati wa vita hazikuweza kuisubiri timu iliyochelewa uwanjani. Kwa takriban miaka 40 iliyofuata sare ilibaki sare, pointi moja huku na moja kule, na katika mechi za msimu hakuna aliyeirudisha nyongeza hata baada ya vita kwisha.

Msimu wa 1983-84 dakika tano za nyongeza zilirejeshwa, kwa mtindo wa bao la dhahabu ambao wapenzi wa soka wanaukumbuka kutoka fainali za Kombe la Ulaya za 1996 na 2000: anayetangulia kufunga, mchezo umekwisha. Mshindi alichukua mbili, mshindwa akatoka mikono mitupu. Dakika tano zikiisha bila bao, kila timu ilichukua moja.

Tatizo likajitokeza papo hapo. Timu iliyofika dakika ya 60 ikiwa sare tayari ilikuwa na pointi moja kibindoni. Kushambulia katika dakika tano zile kulikuwa sawa na kuiweka rehani pointi hiyo. Timu nyingi ziliona bora nusu shari kuliko shari kamili, zikarudi nyuma kulinda lango, na watazamaji wakawa wanalipa kiingilio kuangalia wachezaji wakizungusha kile kisahani cha mpira mgumu hadi muda uishe.

Kuanzia msimu wa 1999-2000 uongozi wa ligi ulileta dawa mbili kwa pamoja. Wachezaji wa ndani walipunguzwa kutoka watano hadi wanne kila upande katika dakika za nyongeza, ili pawe na nafasi ya kushambulia. Kisha ikaamuliwa kwamba ile pointi moja ya sare haitapotea tena: timu ikifika dakika ya 60 bila kufungwa, pointi ni yake, na kinachogombewa baada ya hapo ni pointi moja ya ziada.

Dawa ilifanya kazi pale ilipopakwa, maumivu yakahamia sehemu nyingine. Mchumi Jason Abrevaya, katika makala yake ya mwaka 2004 kwenye jarida la kitaaluma la uchumi wa michezo, alionyesha kuwa mechi zilizofika kwenye dakika za nyongeza ziliongezeka baada ya kanuni hiyo. Woga wa kufungwa ulikuwa umehama kutoka dakika za nyongeza na kuingia katika dakika za mwisho za muda wa kawaida.

Sababu yake inahitaji hesabu ya darasa la nne tu. Chukua timu mbili zenye uwezo sawa, zikiwa sare dakika tano kabla ya filimbi ya mwisho. Bao likipatikana sasa, timu moja itachukua pointi mbili na nyingine sifuri; kwa kuwa nafasi ni nusu kwa nusu, kila moja inatarajia kwa wastani pointi moja. Lakini zikisubiri hadi muda wa kawaida uishe, mechi hiyo hiyo inagawa pointi tatu: mbili kwa mshindi na moja kwa mshindwa. Wastani wa kila timu unapanda hadi pointi moja na nusu. Zote mbili zinafaidika kwa kutofanya lolote, bila hata kukonyezana.

Hapo ndipo penye kiini cha mgogoro wote. Mechi nyingi za ligi hiyo zina thamani ya pointi mbili, na baadhi, kwa kawaida kati ya moja katika tano na moja katika nne, zina thamani ya pointi tatu. Wanaoamua ipi iwe ya mbili na ipi ya tatu ni wachezaji wenyewe, kwa kasi watakayoichagua katika dakika za mwisho. Mechi ikizikutanisha timu za kanda mbili tofauti, yaani Mashariki na Magharibi, kishawishi kinakuwa kikubwa zaidi, kwa sababu timu hizo haziwanii nafasi zile zile za mtoano. Kumwachia mpinzani wa kanda nyingine pointi moja hakumgharimu mtu chochote.

Kandanda ilipitia njia iliyo kinyume. Kwa karibu karne nzima ligi za soka zilitoa pointi mbili kwa ushindi na moja kwa sare, kiasi kwamba mechi iligawa pointi mbili iwe iwavyo. Mwaka 1981 ligi ya England, kwa ushawishi wa Jimmy Hill, mchezaji wa zamani aliyegeuka kocha na mtangazaji, ilipandisha ushindi kuwa pointi tatu. Kombe la Dunia la 1994 nchini Marekani likafuata, na mwaka mmoja baadaye mfumo huo ukawa wa kawaida karibu duniani kote. Tangu hapo mechi ya soka yenye mshindi inagawa pointi tatu, na sare inagawa mbili tu. Pointi moja inatoweka hewani, kama faini ya kushindwa kufungana. Katika magongo ya barafuni mambo yako kichwa chini: wakisubiri, pointi inazaliwa.

Wapo waliojaribu adhabu kali zaidi. Ligi kuu ya soka ya Umoja wa Kisovieti iliweka ukomo wa sare kuanzia mwaka 1978: timu ikivuka idadi iliyopangwa, kila sare ya ziada haikuwa na pointi. Ligi ya soka ya Marekani, MLS, ilipoanza mwaka 1996 haikutaka sare kabisa. Mechi isiyo na mshindi iliamuliwa kwa mchezaji kukimbia na mpira peke yake kumkabili kipa, na aliyeshinda kwa njia hiyo alipata pointi moja badala ya tatu, mshindwa sifuri. Ulidumu misimu minne. Kuanzia mwaka 2000 ligi hiyo ilirudi kwenye sare kama ulimwengu mwingine.

NHL yenyewe ilichukua njia ya mikwaju wakati huo huo wenzao wa soka walipokuwa wameshaiacha. Msimu wa 2004-05 haukuchezwa kabisa kutokana na mgogoro wa mikataba kati ya wamiliki wa timu na wachezaji. Ligi iliporejea Oktoba 2005 ikiwa na haja kubwa ya kuwarudisha mashabiki, sare ilikuwa imefutwa. Dakika tano za nyongeza zikiisha bila bao, kila timu hutoa wachezaji watatu, mmoja mmoja, wanaoanzia katikati ya uwanja na kumkabili kipa bila beki yeyote. Wakilingana, wanaendelea mmoja mmoja hadi mmoja akosee.

Pointi ya mshindwa haikuguswa, na uzito wa pointi ya ziada ulionekana wazi Aprili 11, 2010, siku ya mwisho ya msimu. Philadelphia Flyers na New York Rangers zilikutana mjini Philadelphia kila moja ikiwa na pointi 86, na ilikuwa wazi kwamba atakayeshinda ataingia mtoano na mwingine msimu wake umekwisha. Zilitoshana nguvu 1-1 katika muda wa kawaida na wa nyongeza. Zote zikawa na 87. Claude Giroux akafunga mkwaju wake, kipa Brian Boucher akauzuia ule wa Olli Jokinen, na kazi ya mechi 82 ikawa imeamuliwa. Philadelphia iliyopenya kwa uchochoro huo ilikwenda hadi fainali ya Stanley Cup, ikafungwa na Chicago Blackhawks kwa michezo minne kwa miwili.

Wanaoitetea pointi ya mshindwa wana hoja, na haifai kupuuzwa. Tangu msimu wa 2015-16 dakika za nyongeza huchezwa na wachezaji watatu kwa watatu, mbali na makipa, hatua iliyokusudiwa kupunguza mechi zinazofika kwenye mikwaju. Uwanja unakuwa mpana, mashambulizi ni ya kwenda na kurudi, na kosa moja ni bao. Unavutia macho, lakini si mchezo ule ule uliochezwa dakika 60 zilizotangulia, na mikwaju iko mbali zaidi. Kuiambia timu iliyohimili saa nzima ya mchezo kamili kwamba itoke bila kitu kwa sababu ya mkwaju mmoja ni sawa na kuamua mechi ya kandanda kwa kurusha sarafu.

Hoja ya pili haisemwi sana hadharani, nayo ni ya biashara. Pointi za ziada zinaubana msimamo. Timu nyingi zinabaki zikipumuliana shingoni hadi Machi, na shabiki anayeona timu yake iko pointi tatu tu nyuma ya nafasi ya mwisho ya mtoano bado atanunua tiketi. Rekodi nazo hupendeza kuliko hali halisi. Msimu wa 2024-25 Montreal Canadiens ilimaliza na 40-31-11, rekodi ambayo kwa haraka inasomeka kama ya timu iliyoshinda kuliko kufungwa. Ukijumlisha tarakimu mbili za mwisho unapata mechi 42 ilizopoteza dhidi ya 40 ilizoshinda. Iliingia mtoano kwa pointi 91. Columbus Blue Jackets nayo ilishinda 40 na kupoteza 42, ikapata 89 kwa kuwa ni tisa tu kati ya hizo zilizocheleweshwa, na ikaishia hapo.

Msimamo uliobanwa una udanganyifu wake. Timu iliyo nyuma inaona pengo dogo, lakini kuliziba ni kibarua, kwa sababu walio mbele huvuna pointi hata wakifungwa. Ukimshinda mpinzani wako wa moja kwa moja katika dakika za nyongeza, umemkaribia kwa pointi moja badala ya mbili. Mbio zinaonekana za karibu huku mkimbiaji wa nyuma akiwa amefungwa mawe miguuni.

Pointi hiyo pia haimwokoi kila anayeipata. Los Angeles Kings, bingwa wa mwaka 2014, ilipoteza mechi 15 baada ya muda wa kawaida msimu uliofuata. Ilizoa pointi 15 za kufutia machozi, ikafikisha 95 na kukosa mtoano, ikiwa nyuma ya Calgary Flames kwa mbili. Kila mara kati ya hizo 15 iliacha mezani pointi moja iliyochukuliwa na mwingine.

Kuna kifungu kimoja katika kanuni kinachoonyesha jinsi ligi inavyoithamini pointi hiyo. Katika magongo ya barafuni timu iliyo nyuma inaruhusiwa kumtoa kipa na kumwingiza mshambuliaji wa ziada. Timu ikifanya hivyo katika dakika za nyongeza na kufungwa bao kwenye lango tupu, inapokonywa hata ile pointi moja iliyokwishaipata. Kamari hiyo huchezwa mara chache mno. Machi 2024 Minnesota Wild, ikihitaji pointi kwa udi na uvumba, ilimtoa kipa wake dhidi ya Vegas Golden Knights, ikafunga na kushinda 2-1. Mwisho wa msimu bado ilikosa nafasi.

Sare yenyewe ikiachwa ibaki, nayo huzaa vituko. Katika ligi ya soka la Kimarekani, NFL, sare inahesabiwa tangu mwaka 1972 kama nusu ushindi na nusu kufungwa, lakini hutokea kwa nadra kiasi kwamba Novemba 2008 Donovan McNabb, nyota wa Philadelphia Eagles, alikiri baada ya kutoka 13-13 na Cincinnati Bengals kwamba hakujua mechi inaweza kumalizika hivyo. Sare hiyo ndiyo iliyoifanya Eagles kumaliza na ushindi 9, kufungwa 6 na sare 1, na kuzipita timu za 9-7 kwenda mtoano.

Januari 9, 2022 hali ilikuwa ya hatari zaidi. Las Vegas Raiders na Los Angeles Chargers zilicheza mechi ya mwisho ya msimu zikijua kwamba sare ingeziingiza zote mbili na kuitoa Pittsburgh Steelers, iliyokuwa imeshamaliza mechi yake. Zilifika muda wa nyongeza zikiwa 29-29, na zilikuwa bado sare, 32-32, dakika hizo zikielekea ukingoni. Raiders ikapiga mpira wa mwisho na kushinda 35-32. Lau kama wangeamua kusimama tu, hakuna kanuni ambayo ingewagusa.

Michezo mingine imepata ufumbuzi unaotuliza pande zote. Katika mpira wa wavu wa kimataifa, ushindi wa seti 3-0 au 3-1 una pointi tatu. Ushindi wa 3-2 una mbili, na mshindwa wa seti ya tano huambulia moja. Jumla ni tatu daima. Shirikisho la kimataifa la magongo ya barafuni linatumia hesabu hiyo hiyo katika mashindano yake ya dunia: tatu kwa ushindi wa muda wa kawaida, mbili kwa ushindi wa baadaye, moja kwa aliyefungwa baadaye, sifuri kwa aliyefungwa mapema. Ligi mpya ya wanawake ya Marekani na Kanada, PWHL, iliyoanza Januari 2024, ilichagua mfumo huo tangu siku ya kwanza.

Faida yake inarudi kwenye hesabu ile ya awali. Mechi yenye pointi tatu ikimalizika mapema, wastani wa kila timu ni moja na nusu. Ikichelewa, bado ni moja na nusu. Kusubiri hakulipi. Aliyefungwa kwa mkwaju bado anapata chake, ila kinatoka mfukoni mwa mshindi.

Haiwezi kusemwa kwa uhakika kwamba mfumo huo ungeipeleka Florida mbele ya Philadelphia mwaka 2018, kwa kuwa timu huucheza mchezo kulingana na malipo yaliyopo. Makocha wa msimu ule walijua bei ya sare ya dakika ya 60 na wakapanga vikosi vyao hivyo. Ligi si zote zimeshawishika pia: KHL, yenye makao yake nchini Urusi, ilikuwa na pointi tatu kwa ushindi na ikarudi kwenye mbili kuanzia msimu wa 2018-19.

NHL haijakubali kubadili pointi. Ilichofanya ni kuingiza marekebisho kwa mlango wa nyuma, kupitia kigezo cha kuzitenganisha timu zinazolingana. Kuanzia msimu wa 2010-11 ushindi wa mikwaju uliondolewa katika kigezo cha kwanza, na kuanzia 2019-20 kinachotazamwa mwanzo ni idadi ya ushindi uliopatikana ndani ya dakika 60.

Kigezo hicho kilitumika Aprili 2025 katika Kanda ya Magharibi. St. Louis Blues na Calgary Flames zilimaliza zote zikiwa na pointi 96. Calgary ilikuwa imekusanya pointi 14 kwa kufungwa kwa kuchelewa, idadi ile ile iliyoivusha Philadelphia miaka saba kabla, na St. Louis nane. St. Louis, iliyokuwa na ushindi mwingi zaidi wa muda wa kawaida, ndiyo iliyoingia mtoano.